Rais achaguliwe na wananchi au atoke bungeni? Botswana, Israel, Uswisi na sisi

#1 Kalamu ya Nachingwea

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, tuichambue bila kuvutana mashati ya vyama.

Nchi zetu nyingi zilipata uhuru zikiwa na Waziri Mkuu anayetokana na Bunge. Wino haujakauka, tukamwondoa tukaweka Rais mwenye kila kitu mkononi. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961 Mwalimu akiwa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, tukawa Jamhuri yenye Rais mtendaji. Kenya ilianza 1963 na Mzee Kenyatta kama Waziri Mkuu, Desemba 1964 akawa Rais. Ghana walitutangulia, 1957 kisha 1960.

Mimi naamini hapo ndipo tulipopotea njia. Waziri Mkuu akivurunda, wabunge wanamng'oa na nchi inaendelea na mwingine. Rais akivurunda unahesabu miaka mitano, na huku unahesabu yeye anaifanyia kazi katiba.

Tazameni Botswana na Afrika Kusini. Wanamwita Rais, lakini anatoka bungeni. Mbeki aliambiwa aondoke Septemba 2008, akaondoka. Zuma naye Februari 2018. Botswana haijapinduliwa tangu 1966, na Oktoba 2024 chama kilichotawala miaka 58 kiliangushwa, Rais Masisi akakubali kushindwa kura zikiwa bado zinahesabiwa. Anayepinga alete mfano. Nawasilisha.

#2 Ngarambe

Nimewahi siti ya mbele. Ila Kalamu, uzi wako uliopita ulikuwa unataka sultani kama wa Oman, leo umehamia kwa Waziri Mkuu. Kesho utatuletea mwenyekiti wa kitongoji.

#3 Hakimu wa Kijiwe

Mada nzuri, ila turekebishe mambo mawili mapema.

Moja, Mbeki hakuondolewa na Bunge. Aliitwa nyumbani na kamati kuu ya chama chake. Zuma vilevile: chama kilimwamuru, kikamtishia kura ya kutokuwa na imani, akajiuzulu kabla wabunge hawajapiga. Kabla ya hapo Zuma alinusurika kura za namna hiyo bungeni mara kadhaa, kwa kuwa chama kilikuwa bado kinamlinda. Kwa hiyo nguvu iliyomng'oa ilikuwa chama. Ukiwa na chama ambacho mwenyekiti wake ndiye anayepitisha majina ya wagombea ubunge, nani atamwambia aondoke?

Mbili, umeomba mfano wa mfumo wa urais. Ghana. Tangu katiba ya 1992, madaraka yamehama chama kwenda chama katika chaguzi za 2000, 2008, 2016 na 2024. Rais wao anachaguliwa na wananchi kwa kura zaidi ya nusu. Huo nao ni ushahidi.

#4 Fundi Mitambo

Nimefanya kazi Francistown kwenye karakana ya mitambo ya migodi, na nilikuwepo uchaguzi wa 2024. Niongezee alichosema mleta mada, maana wengi wanaisifia Botswana hawajui inavyokwenda.

Mwenzangu wa karakana, Mtswana, alinieleza akitoka kituoni: karatasi anazopewa ni ya mbunge na ya diwani. Ya Rais haipo. Mgombea ubunge anatangaza mapema anamuunga mkono nani kwa urais, kwa hiyo ukimpa mbunge kura yako umempa na yule aliyemtaja. Chama kikipata zaidi ya nusu ya viti, mtu wao anaapishwa.

Sasa sikieni hesabu. Mwaka huo upinzani wa UDC wa Duma Boko ulipata asilimia kama 37 ya kura, ukachukua viti 36 kati ya 61. BDP kilichokuwa madarakani kilipata asilimia kama 30, cha pili kwa kura nchi nzima, lakini kwenye viti kikawa cha nne, viti vinne tu. Yule mwenzangu alikuwa BDP wa ukoo. Hakubisha matokeo hata kidogo, kilichomkaa moyoni ni ile hesabu. Alikuwa anaandika kwa chaki sakafuni: theluthi ya kura, viti vinne.

Na hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inawabeba wao. 2014 BDP kilipata chini ya nusu ya kura, kikaondoka na viti 37 kati ya 57. Kwa hiyo mnapoisifia Botswana mjue mnasifia vitu viwili vilivyofungwa pamoja: Rais anayetoka bungeni, na majimbo ya anayeongoza kuchukua kiti.

#5 Binti Mgombani

Asante Fundi, hapo umegusa penyewe.

Tunaosoma siasa chuoni tunakutana na hoja ya Juan Linz, Mhispania, aliyoiandika 1990. Alisema mfumo wa urais una matatizo mawili ya kuzaliwa nayo. Kwanza, Rais na Bunge wote wamechaguliwa na wananchi, wakigombana hakuna wa kusema nani mkubwa. Pili, muda wa Rais umefungwa kwa kalenda, kwa hiyo mgogoro mdogo hauna mlango wa kutokea, unangoja mpaka unakuwa mapinduzi. Alikuwa na Amerika ya Kusini kichwani. Chile, Allende alishinda 1970 kwa kura kama asilimia 36, Bunge likawa dhidi yake, na 1973 jeshi likaingia.

Lakini Donald Horowitz akamjibu kwamba Linz ametazama Amerika ya Kusini tu. Ukitazama Afrika na Asia, nchi nyingi zilizoanguka baada ya uhuru zilikuwa na mfumo wa kibunge wa Kiingereza. Nigeria ya 1966 ilikuwa na Waziri Mkuu, Abubakar Tafawa Balewa, na aliuawa katika mapinduzi. Wanigeria walipoandika katiba mpya mwishoni mwa miaka ya sabini wakakimbilia urais kwa makusudi, wakaweka sharti kwamba mshindi apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo, ili asitoke na kabila lake peke yake.

Halafu kuna hoja ya tatu, ya José Antonio Cheibub: demokrasia za urais huanguka zaidi kwa sababu zilizaliwa pale ambapo jeshi lilikuwa limeshazoea kutawala. Yaani ugonjwa ulikuwepo kabla ya mfumo.

#6 Kipanga wa Eldoret

Jameni, hii mambo ya robo ya kura sisi Kenya tuko nayo. Katiba ya 2010 inataka nusu ya kura na moja juu, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47.

Lakini nataka niseme kitu kwa wale wanaoona huu ni mjadala wa vitabu. Januari 2008 mimi na familia tulilala kwa hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Eldoret, maelfu ya watu. Duka la baba lilichomwa. Jirani aliyetuonyesha njia ya kutoka alikuwa wa kabila ambalo redio zilikuwa zinasema ni adui yetu. Watu zaidi ya elfu moja walikufa nchi nzima kwa sababu ya kiti kimoja. Hakuna aliyeuawa kwa sababu ya kiti cha mbunge wa mahali fulani. Ni kile kimoja, kwa maana ukikipata umepata barabara, kazi, mashamba, kila kitu, na ukikikosa unaambiwa ungoje miaka mitano nje ya mlango.

Kwa hivyo mimi niko na Kalamu. Na tulikaribia sana. Rasimu ya katiba ya 2004, ile ya mkutano wa Bomas, ilikuwa na Waziri Mkuu mwenye nguvu. Rasimu ya kwanza ya wataalamu mwisho wa 2009 ilikuwa na Rais na Waziri Mkuu. Wabunge wakaenda Naivasha Januari 2010, wakatoka na urais mtupu. Wakati huo kila upande ulikuwa unaamini mtu wake atashinda.

#7 Ngarambe

Kipanga, pole sana ndugu yangu.

#8 Hakimu wa Kijiwe

Pole Kipanga. Nakuuliza kwa heshima: je, kilichopunguza moto Kenya ni mfumo wa urais au ni ugatuzi? Sasa aliyekosa Nairobi anaweza kupata gavana, bajeti na hospitali za kaunti. Halafu Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Huku kwetu Tanzania ibara ya 41(7) inasema Rais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema 2020 kwamba hilo linakiuka haki. Unaona? Nchi mbili za urais, jirani kabisa, moja inafuta matokeo na nyingine haiwezi hata kusikiliza kesi.

#9 Kipanga wa Eldoret

@Hakimu kaunti zimesaidia, siwezi kataa. Zahanati ya kwetu ilipata umeme na daktari baada ya 2013. Lakini 2017 pia watu walikufa, na ilikuwa kwa ajili ya kiti kile kile. Gavana hakutosha.

#10 Lushi Moto

Salamu toka Lubumbashi, Kongo. Ninyi mnaongea Waziri Mkuu kama dawa, sisi tuliinywa ikatuua.

1960 Wabelgiji walituachia katiba ya muda iliyonakiliwa toka kwao: Rais Kasavubu wa heshima kama mfalme wao, na Waziri Mkuu Lumumba mwenye serikali. Ibara ya 22 ilisema mkuu wa nchi anateua na kuachisha Waziri Mkuu. Kule Ubelgiji maneno hayo ni adabu tu, mfalme hafanyi bila wanasiasa. Kasavubu aliyasoma jinsi yalivyoandikwa. Jioni ya Septemba 5 akaingia redioni, akatangaza Lumumba ameachishwa. Usiku ule ule Lumumba akaenda redioni, akasema Kasavubu si Rais tena. Bunge likakataa kumtupa Lumumba. Septemba 14 Mobutu wa jeshi akasema anawaweka wote pembeni. Tulimaliza na Mobutu mwaka 1997.

Kwa hiyo @Kalamu, Tanganyika ilipoingia uhuru mwaka mmoja baadaye, viongozi wenu walikuwa wameona moto huo ng'ambo ya ziwa. Mimi naelewa kwa nini waliogopa vichwa viwili.

#11 Kalamu ya Nachingwea

Lushi, shukrani. Lakini tatizo lenu lilikuwa Rais aliyeachiwa kalamu ya kumfukuza Waziri Mkuu. Mfumo wa kibunge safi kalamu hiyo iko kwa wabunge. Afrika Kusini wameunganisha, mtu mmoja anayewajibika kwa Bunge, na 2024 chama tawala kilipoangukia asilimia 40 walilazimika kukaa meza moja na wapinzani. Ni hayo ninayoyataka.

#12 Mwanahewa

Suluhisho mbona rahisi? Tufanye kama Israel: wananchi wamchague Waziri Mkuu moja kwa moja kwa karatasi yake, halafu Bunge liwe na uwezo wa kumwondoa. Unapata vyote viwili.

#13 Binti Mgombani

@Mwanahewa Israel waliacha hilo. Walijaribu katika chaguzi za 1996, 1999 na 2001, kisha wakalifuta 2001 hiyo hiyo. Matumaini yalikuwa kwamba Waziri Mkuu akipewa kura yake ataacha kunyonywa na vyama vidogo. Ikawa kinyume. Mpiga kura alipopewa karatasi mbili, ya Waziri Mkuu akampa mkubwa, ya Bunge akakipa chama cha dini yake au cha watu wa alikotoka. Vyama viwili vikubwa vilikuwa na viti 76 kati ya 120 mwaka 1992. 1999 vikabaki na 45. Waziri Mkuu alishinda vizuri halafu akaingia kwenye Bunge lililopasuka vipande.

Ndiyo maana hoja ya Fundi ni nzito kuliko inavyoonekana. Namna ya kuhesabu kura inaweza kubeba mfumo mzima au kuuvunja.

#14 Mama Wawili Zürich

Habari zenu. Nimesoma kimya, ila naona mnabishana kuhusu kiti kimoja kana kwamba lazima kiwe kimoja.

Huku Uswisi serikali ni watu saba. Wanachaguliwa na Bunge kwa miaka minne, na katikati ya muda hawang'olewi. Urais unazunguka kila mwaka, na anayeushika anaendelea na wizara yake. Tangu 1959 vyama vikubwa vinagawana viti hivyo saba, kwa hiyo hakuna chama kikubwa kinachokaa nje kinanuna. Ukimsimamisha Mswisi barabarani umuulize Rais wa mwaka huu ni nani, wengine wanafikiria kwanza.

Breki yenyewe iko kwa wananchi. Kwa mwaka tarehe za kura ni kama nne. Mume wangu ni raia, mimi bado. Bahasha inakuja na posta wiki kadhaa kabla, ndani kuna karatasi za kura na kijitabu kinachoeleza kila swali: serikali inasema nini, wanaopinga wanasema nini. Anakaa nacho mezani na chai, tunabishana, anasaini, anairudisha kwa posta. Saini 50,000 ndani ya siku 100 zinatosha kuipeleka sheria ya Bunge kwenye kura. Saini 100,000 ndani ya miezi 18 zinaleta pendekezo la kubadili katiba.

Na watu si wajinga wa pesa kama wanasiasa wanavyosema. 2012 waliulizwa kama wanataka likizo ya wiki sita kwa sheria, theluthi mbili wakakataa. Machi 2024 walikubali pensheni ya mwezi wa kumi na tatu kwa wazee, na siku hiyo hiyo wakakataa kuongeza umri wa kustaafu.

#15 Bin Seif

Assalaam aleikum. Dada wa Zürich, sema na upande wa pili. Novemba 2009 wananchi hao hao walipiga kura kukataza kujengwa minara ya misikiti, asilimia 57 wakaunga mkono, na katazo likaingia kwenye katiba. Na wanawake hawakupata kura ya taifa hadi 1971, kwa sababu waliotakiwa kuwapa ruhusa kwa kura walikuwa wanaume.

#16 Mama Wawili Zürich

Waaleikum salaam. Ni kweli yote mawili, na la minara liliniuma. Serikali yenyewe na Bunge walishauri watu wapige hapana, hawakusikilizwa. Kwenye jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden wanaume waliendelea kuwakatalia wanawake kura za jimbo lao mpaka mahakama ikawalazimisha 1990. Sijasema ni pepo. Nasema huku sijamsikia mtu akichoma duka kwa ajili ya urais.

#17 Ngarambe

Bin Seif uko Muscat, tupe ya huko basi. Kalamu anasubiri kwa hamu.

#18 Bin Seif

Oman kuna Majlis ya Shura inayochaguliwa, na Majlis ya Dola inayoteuliwa na Sultani. Shura inajadili na kuhoji wizara za huduma, lakini neno la mwisho ni la Sultani. Sultan Qaboos alipofariki Januari 2020 bila mtoto, bahasha yake ilifunguliwa mbele ya kamera za televisheni, jina likasomwa: Haitham bin Tariq. Mchana wa siku hiyo watu walikuwa madukani kama kawaida. 2021 ukawekwa utaratibu wa mrithi rasmi, ili bahasha isihitajike tena. Amani hiyo mimi naithamini, wazee wangu walitoka Unguja 1964 wakiwa na nguo za mwilini tu. Sitaki mtu aniambie utulivu ni kitu kidogo.

Ila Kuwait, jirani, walianza Bunge 1963, tena lenye meno: mbunge mmoja aliweza kumwita waziri ajibu maswali. Serikali ikawa inateuliwa na Amir, Bunge linaipiga, linavunjwa, uchaguzi, linarudi lile lile. Mei 2024 Amir akalisimamisha kwa muda wa hadi miaka minne. Bunge linaloweza kuzuia serikali lakini haliwezi kuiunda, hilo ndilo tatizo nililoliona pale.

#19 Dereva wa Tunduma

Wakubwa mmesahau Lesotho. Pale wana mfalme na Waziri Mkuu, mfumo wa Kalamu kabisa. 1998 chama kimoja kilipata kura kama asilimia 60, kikachukua viti 79 kati ya 80. Watu wakaingia barabarani, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, Maseru ikaungua. Wakabadilisha: viti 80 vya majimbo na 40 vya kugawa kwa uwiano wa kura. Uwiano ukaja, na serikali za mseto nazo zikaja kuanzia 2012. Uchaguzi 2012, tena 2015, tena 2017. Agosti 2014 Waziri Mkuu Thabane alikimbilia Afrika Kusini akisema jeshi linataka kumpindua.

Kwa hiyo tiba ya Fundi nayo ina gharama yake.

#20 Fundi Mitambo

@Dereva sijatoa tiba, nimetoa hesabu! Lakini niulize: kwetu Tanzania kabla ya mwaka 2000 Rais alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura. Marekebisho ya mwaka huo yakasema anayewazidi wenzake inatosha. Hilo linapita kimya miaka yote. Malawi walikuwa na utaratibu kama huo, 2014 Rais akaingia kwa asilimia 36. Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi wa 2019 na ikasema wingi maana yake ni zaidi ya nusu.

#21 Hakimu wa Kijiwe

Na wanaodhani mfumo wa urais humfanya mtu asing'oke, wakaitazame Peru. Kuanzia Julai 2016 hadi Desemba 2022 wameapisha marais sita. Katiba yao inaruhusu Bunge kumwondoa Rais kwa kukosa uwezo wa kimaadili, na maana ya maneno hayo ni ile ambayo Bunge linataka siku hiyo.

#22 Kalamu ya Nachingwea

Nimewasoma wote, asanteni. Bado nasimama palepale, ila naongeza sharti la Ujerumani. Kule Bunge haliwezi kumwondoa Kansela mpaka limpate wa kumrithi kwenye kura hiyo hiyo. Limefanikiwa mara moja tu, Oktoba 1982, Schmidt akatoka Kohl akaingia. Tuchukue Rais wa kutoka bungeni kama Botswana, viti vya uwiano kwa sehemu, na sharti hilo. Lesotho ingepumua.

#23 Lushi Moto

Kalamu, hapa kwetu 2019 upande wa Rais mstaafu Kabila ulikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500, na Waziri Mkuu wao. Desemba 2020 Rais Tshisekedi akavunja muungano wake nao. Kabla Januari haijaisha, wabunge wale wale walikuwa wamehama, wakampigia Waziri Mkuu wao kura ya kutokuwa na imani. Uchaguzi haukufanyika. Sharti lako la kumpata mrithi kwanza lingetimia asubuhi moja. Mbunge anayeweza kuhamishwa, utamhamisha na sharti lake.

#24 Hakimu wa Kijiwe

Hata hao Wajerumani. Aprili 1972 walijaribu kumwondoa Kansela Willy Brandt, mpinzani wake Barzel akakosa kura mbili. Baadaye mbunge mmoja wa upande wa Barzel alikiri kupokea mark 50,000, na nyaraka za ujasusi wa Ujerumani Mashariki zikaonyesha pesa zilitoka huko. Brandt alibaki ofisini.

#25 Kipanga wa Eldoret

@Lushi @Hakimu sawa, mbunge ananunulika. Lakini mbunge akinunuliwa, mimi nalala kwangu. 2008 sikulala kwangu.